Mvua imeanza, lakini mahindi yatatoa mbelewele lini?

Neno "vuli" limebebeshwa mizigo miwili. Mwalimu wa jiografia hulitumia kwa majira ya Ulaya ya Septemba hadi Novemba, majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika. Mkulima wa pwani yetu hulitumia kwa mvua fupi za mwisho wa mwaka, zile ambazo majani huchipua nazo. Kule bustani inafungwa, huku shamba linafunguliwa. Hata hivyo yule mtunza bustani wa Ulaya ana desturi moja inayotufaa. Anapotaka kupanda mboga za mwisho wa mwaka haangalii hali ya leo peke yake. Anajua jalidi ya kwanza hushuka lini katika eneo lake, anasoma kwenye pakiti ya mbegu kwamba mboga hii inataka siku 60, kisha anahesabu kurudi nyuma mpaka aipate siku ya kupanda. Adui yuko mbele, na tarehe inapangwa kwa kumtazama adui. Mkulima wa Kilwa na pwani ya Lindi hana jalidi, lakini naye ana wa kumwogopa: ukavu unaokuja katikati ya msimu, mvua ikiwa imeshaanza na kila mtu ameshapanda. Ndiyo maana naona kwamba mjadala wetu wa kila mwaka kuhusu wakati wa kupanda unazunguka kwenye nusu ya swali. Tunauliza mvua itaanza lini. Swali kamili ni hili: mvua itakapokatika, mmea wangu utakuwa na umri gani?

Tuanze na mahali penyewe, maana Kilwa imekaa kwenye mshono wa nguo mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inagawa nchi katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na maeneo yanayopata msimu mmoja mrefu wa Novemba hadi Aprili. Mkoa wa Pwani, pamoja na Rufiji na kisiwa cha Mafia, uko kundi la kwanza. Mkoa wa Lindi uko kundi la pili. Kwa hiyo ukitoka Rufiji kwa barabara ya kusini ukaingia Marendego, kijiji cha kwanza cha wilaya ya Kilwa, kwenye karatasi umehama kutoka misimu miwili kwenda msimu mmoja. Angani hakuna kituo cha ukaguzi. Kaskazini mwa Kilwa mvua bado zina nundu mbili kama ngamia wa Asia, nundu ya Desemba na nyingine kubwa zaidi ya Machi na mwanzo wa Aprili, na katikati yake bonde. Ukiteremka Lindi mjini bonde hilo linakuwa jembamba, aghalabu wiki moja au mbili za jua kali mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, lakini halifutiki. Kuliita eneo lote hili "la msimu mmoja" si kosa la kitaalamu, ni wastani. Tatizo la wastani ni kwamba mahindi hayanywi wastani.

Sababu ya bonde hilo inaonekana utosini. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua linapita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba likielekea kusini, na mwishoni mwa Februari likirudi kaskazini. Ule ukanda mvua ambao watabiri wanautaja kila msimu hulifuata jua, ila hulifuata kwa uvivu, ukichelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana Oktoba jua liko utosini na vumbi bado ni vumbi, na mvua zinajikusanya mwishoni mwa Novemba na Desemba. Januari ukanda huo umeshuka kusini zaidi, kuelekea Msumbiji na Malawi, na pwani ya Kilwa inabaki na kaskazi. Machi unarudi juu na kumwaga mzigo wake mkubwa. Mtu anayeielewa safari hii ya kwenda na kurudi hashangai mvua ikikatika Januari. Atashangaa isipokatika.

Watu wa pwani hii walilazimika mapema kutafuta kalenda ya shamba iliyo tofauti na ya msikiti. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na katika umri wa mtu mmoja huzunguka masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mwaka huo ni wa ibada. Shambani haumwambii mtu lolote. Pembeni yake Waswahili waliweka mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, jina lililotoka kwa Waajemi, ule ambao Makunduchi kule Unguja bado wanausherehekea kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Mwaka huo una siku 365, na siku zake zilihesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi: miongo 36 na siku tano za ziada. Nahodha alijua kusi litamwachia mwongo wa ngapi, na mkulima alijua ni mwongo upi wa kufyeka na upi wa kuchoma. Kalenda safi kabisa, yenye kasoro moja tu. Haina mwaka mrefu wa siku 366. Kila miaka minne inateleza siku moja, na katika karne moja inateleza siku 24 au 25. Kwa maneno mengine, mwongo aliopandia babu wa babu, ukiufuata leo kama ulivyo, utakutoa shambani karibu mwezi mzima. Walioitumia bila shaka waliirekebisha kwa macho, kizazi baada ya kizazi. Lakini funzo ni lilelile: hata hesabu nzuri ya siku haijitegemei, inahitaji mtu wa kuilinganisha na anga.

Kwenye anga hilo shahidi mwaminifu zaidi ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake lenyewe limetokana na kulima. Kilimia hakitelezi kama Nairuzi. Kinachelewa siku moja katika miaka 70 hivi. Mwishoni mwa Aprili kinazama magharibi pamoja na giza la jioni, kinapotea kwa wiki kadhaa, kinarudi alfajiri mwezi wa Juni. Halafu Novemba, jua likizama, chenyewe kinachomoza mashariki. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na msemo huo ukiutazama kwa mwaka wa pwani unasimama: Aprili kinazama masika, Juni kinazuka kipupwe. Shida ni kwamba Kilimia huzuka siku ileile kwenye mwaka wa gharika na kwenye mwaka wa njaa. Ni saa ya ukutani. Inakuambia muda umefika. Haikuambii kama mgeni yuko njiani.

Tofauti hiyo kati ya saa na habari ndiyo ambayo, kwa maoni yangu, huchanganywa sana watu wanapozungumzia dalili za mvua. Mbuyu ni mfano. Mibuyu ya Kilwa hutoa majani kabla mvua haijanyesha, na watu huona kama mti umeinusa mvua. Kumbe mbuyu una maji yake shinani, unachipua kwa akiba hiyo, na unafuata majira zaidi kuliko mawingu. Nao ni saa. Upepo ni jambo jingine. Kusi linapolegea Oktoba, wakati wa tangambili unapoingia na pepo hazijui zielekee wapi, kisha matlai na hatimaye kaskazi kuchukua nafasi, mpangilio huo hutofautiana mwaka hadi mwaka, na ndani yake mna habari ya mwaka huu. Mvuvi wa Kilwa Kivinje ana habari hiyo kabla ya mkulima wa bara kwa sababu ngarawa haimruhusu kutoijua. Na kumbikumbi? Hao hawatabiri chochote. Hutoka pale ardhi ilipokwisha kulowa vya kutosha kuwaruhusu kuchimba vyumba vipya. Lakini kwa mtu anayetaka kupanda, taarifa ya kwamba ardhi imelowa inaweza kuwa na thamani kuliko utabiri wowote, maana mbegu inakwenda ardhini, haiendi mawinguni.

Hapa ndipo mkono unapotakiwa ushuke chini. Wataalamu wa kilimo hutumia kanuni kama hii kuamua kwamba mvua za kupandia zimeanza: zinyeshe milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili au tatu, na katika siku 30 zinazofuata pasiwe na ukavu wa zaidi ya wiki moja au siku kumi. Isome tena kanuni hiyo uone kichekesho chake. Nusu yake ya pili haijulikani mpaka mwezi uishe, wakati mbegu imeshaota au imeshaoza. Mkulima amebakiwa na nusu ya kwanza, na hiyo anaweza kuipima bila kifaa. Chimba kwa jembe shubiri moja. Kwenye mchanga mwepesi wa karibu na bahari, mvua ya milimita 20 inashuka kiasi cha shubiri hiyo. Kwenye udongo mweusi wa mabondeni maji yaleyale hayafiki hata nusu, maana udongo huo unayashika juu. Chukua udongo wa chini, si wa juu, ufinyange kwenye kiganja. Ukishikamana na kuacha unyevu kwenye mistari ya mkono, mbegu itapata pa kuanzia. Ukimwagika kama unga wa muhogo, kilichonyesha kimelowesha kofia ya ardhi tu, na mbegu itavimba, itapasuka, itatoa mzizi, kisha itakufa mlangoni. Mbegu iliyokaa kwenye vumbi kavu kabisa ina nafuu kuliko hiyo, kwa kuwa bado imelala. Ndiyo maana kupanda kwenye ukavu kabla ya mvua kuna mantiki kwa mtama, na kupanda kwenye unyevu wa nusu hakuna mantiki kwa zao lolote.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Mahindi ya mbegu inayokomaa kwa siku 110 hivi hutoa mbelewele baina ya siku ya 55 na ya 60 katika joto la pwani. Tuseme mvua nzuri imenyesha tarehe 25 Novemba na kijiji kizima kimeingia shambani. Mbelewele zitatoka baina ya tarehe 19 na 24 Januari. Ukipanda tarehe 10 Desemba, zitatoka wiki ya kwanza ya Februari. Tarehe zote mbili zinaangukia mdomoni mwa ule ukavu. Na mahindi yana siku zake za udhaifu. Mbelewele humwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi. Chini yake, kwenye gunzi changa, kila punje inayosubiri kuzaliwa hutoa uzi wake mmoja mwembamba, zile ndevu tunazozing'oa jikoni bila kuzifikiria. Uzi huo lazima uwe mbichi na wenye unato chavua inapodondoka. Ukavu huchelewesha ndevu kutoka, na zinazotoka hukauka ncha. Chavua inapita, hakuna wa kuipokea. Mvua ikirudi Machi shamba litarejea kuwa kijani na mpita njia atalisifia, lakini ukimenya gunzi utakuta punje saba hapa, pengo, punje nne pale, kama kinywa cha mtoto wa miaka sita. Mkulima atasema mvua haikutosha mwaka huu. Huenda mvua ilitosha kabisa kwa jumla yake; ilikosekana siku kumi ambazo haikupaswa kukosekana. Mahindi hayohayo yakiwa na wiki tatu tangu kuota yangejikunja majani mchana, yakajinyoosha usiku, yakasubiri.

Ukiigeuza hesabu, mahindi yaliyopandwa tarehe 5 Januari yatatoa mbelewele mwanzoni mwa Machi, kilele cha mvua, na yatakuwa machanga wakati wa ukavu. Kwa karatasi ni jibu zuri. Lakini sipendekezi mtu ahamishie shamba lote Januari, na sababu za kutofanya hivyo ni nzito kiasi cha kustahili kuelezwa kwa haki. Ya kwanza ni ya udongo. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka kisha ukaloweshwa hufumua naitrojeni kwa wingi kwa muda mfupi. Anayepanda na mvua za kwanza anakula karamu hiyo. Anayechelewa anakuta sahani imeoshwa, nusu na maji na nusu na magugu. Ya pili ni wadudu. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini mwaka 2017, mahindi yaliyochelewa yanapokea vipepeo waliokwisha kuzaliana kwenye mahindi ya jirani aliyewahi. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: njaa haina subira. Februari ghala ni tupu, na mahindi mabichi ya kuchoma ya shamba lililowahi, hata yakiwa na mapengo, ni chakula. Kumwambia mama mwenye watoto wanne asubiri Januari kwa sababu ya ndevu za mahindi ni kumwambia mwenye kiu asubiri kisima kichimbwe.

Kwa hiyo sishauri watu wachelewe. Nashauri wagawe. Shamba la ekari mbili lisipandwe zao moja siku moja. Sehemu ipandwe na mvua ya kwanza iliyofaulu mtihani wa kiganja, ile ya kuokoa Februari. Sehemu ipandwe wiki tatu au nne baadaye. Na kwenye ile iliyowahi lichaguliwe zao linalojua kungoja. Mtama ni wa namna hiyo. Ukavu ukiukuta unasimama, unafunga majani, unaendelea mvua ikirudi, jambo ambalo mahindi hayaliwezi yakishatoa mbelewele. Muhogo hauna siku moja ya kufa na kupona. Pingili ikishashika mizizi, wiki mbili za jua ni usumbufu tu. Mbaazi za muda mrefu zina ujanja wa aina yake: zinasubiri usiku urefuke ndipo zichanue, kwa hiyo ukizipanda Desemba au Januari zitachanua karibu pamoja, mvua zikiwa zimepita. Wazee wa Kusini walipochanganya mahindi, mbaazi na muhogo kwenye shamba moja walikuwa wameshika bima tatu kwa jembe moja, na kuna maofisa wa zamani waliouona mchanganyiko huo kama uchafu.

Ufuta unaihitaji hesabu hii kuliko zao lolote, na bahati nzuri ndilo zao ambalo mkulima wa Lindi tayari analihesabia nyuma bila kuambiwa. Unataka siku 100 hadi 120, na unataka kukomaa mvua zikiwa zimekatika, kwa sababu vitumba vyake vikiiva kwenye mvua huoza na vikichelewa kukatwa hupasuka na kumwaga mali chini. Mnada wa vyama vikuu vya ushirika, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani na RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hauwalipi watu kwa ufuta uliomwagika. Kwa hiyo mkulima anaanza na Mei na Juni, anarudi nyuma miezi minne, anapanda kuanzia Januari hadi Machi mwanzoni. Hakuna anayekimbilia kupanda ufuta Novemba eti kwa kuwa mvua imenyesha. Akili ile ile, akiihamishia kwenye mahindi yake, ndiyo ninayoizungumzia hapa. Kwa nini haihami? Nadhani ni kwa sababu ufuta ni wa soko, nao una mwisho unaojulikana, wakati chakula kinaonekana kama jambo la kuanza mapema na kumwachia Mungu.

Bustani ya mboga nayo ina jibu lake, tena la kale. Julai 1505 meli za Mreno Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa Kisiwani na askari wake wakaupora mji. Katika maelezo ya safari ile yaliyobaki, katikati ya habari za uporaji, wameandikwa machungwa, malimau, vitunguu vidogo na mboga zilizostawi katika bustani, zikinyweshwa maji ya visima. Julai ni kusi, ni kipupwe, hakuna mvua ya maana. Watu wa Kilwa miaka zaidi ya 500 iliyopita walilima mboga wakati ambapo mvua haipo, kwa maji ya kisima, na walikuwa sahihi. Nyanya inayolimwa Machi na Aprili pwani inapigwa na ukungu majani yakiwa hayakauki tangu asubuhi hadi asubuhi; ileile ikiatikwa kitaluni Aprili mwishoni na kuhamishiwa Mei kwenye mabonde ya Mavuji, Matandu au Lukuledi, ambako unyevu umebaki chini, itazaa kwenye baridi ya Juni na Julai. Mchicha na bamia havilalamiki sana, lakini nyanya, kabichi na vitunguu vina kalenda iliyopinduka: msimu wao unaanza pale wa mahindi unapoisha.

Msomaji atauliza, kwani TMA wako kwa ajili gani? Wako kwa ajili ya kazi wanayoifanya, na wanaifanya vizuri zaidi kuliko inavyosemwa vijiweni. Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili hutoka kabla ya msimu, hutaja wiki ambazo mvua zinatarajiwa kuanza na kwisha kwa mikoa, na siku hizi kwa baadhi ya wilaya hushuka chini zaidi. Lakini utabiri wa msimu ni kauli ya uwezekano. "Wastani hadi juu ya wastani" ni maneno ya jumla ya miezi sita. Mtu anaweza kupata mvua ya juu ya wastani na bado akapoteza mahindi, ikiwa mvua hiyo imemwagika kwa mafungu mawili yenye jangwa katikati. Mwisho wa Januari 2020 Kilwa ilipata mafuriko yaliyoua watu na kuharibu nyumba na mashamba, wakati huohuo ambao hesabu yangu inautaja kama wa ukavu. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kupita kawaida tangu mwisho wa 2019, na ukanda wote wa Afrika Mashariki ulilowa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mwezi ambao vimbunga havizoeleki huku, kikaikata barabara ya Kusini pale Somanga. Mtu anaweza kuvitumia visa hivyo kusema kwamba hesabu za wazee na za wataalamu zote zimekwisha, tabianchi imebadilika, panda unapoweza. Naona vinasema kinyume. Kadiri msimu unavyozidi kutotabirika, ndivyo kuweka shamba zima kwenye tarehe moja kunavyozidi kuwa kamari, na ndivyo kujua umri wa mmea kunavyozidi kuwa na faida, maana umri wa mmea ni kitu pekee katika biashara hii ambacho mkulima anakijua kwa hakika. Alipanda yeye.

Upo mtazamo mwingine, wa kwamba dawa ni umwagiliaji na haya mengine ni kupoteza muda. Sina ugomvi na mifereji. Ila vilima vya Matumbi na mchanga wa Kilwa Masoko havitafikiwa na mfereji kesho, na mashamba mengi ya mkoa yataendelea kutegemea mawingu kwa miaka mingi. Nalo eneo hili limeshapata kalenda za kutosha kutoka ofisini. Wajerumani waliwaamuru Wamatumbi walime pamba katika mashamba ya pamoja, siku za kazi zikaibwa kutoka kwenye mashamba ya chakula, na Julai 1905 watu wa kijiji cha Nandete wakaing'oa ile pamba. Vita vya Majimaji vikaanza hapo. Miaka 40 na kitu baadaye Waingereza walileta mradi wa karanga hadi Nachingwea, kwa matrekta na reli, na wakaufunga mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Uliamuliwa London, na udongo na mawingu havikuwa vimeusoma mpango huo. Mabaya ya pamba na karanga yalikuwa mengi na si ya kalenda peke yake, lakini yote mawili yaliamuliwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kuujua udongo wa shamba kwa kiganja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na ni kwa maofisa ugani wa halmashauri za Kilwa, Mtama na Lindi, wakishirikiana na watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele ambao wana umri wa kila mbegu mezani kwao. Karatasi ya utabiri wa msimu inapobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, chini yake iongezwe safu moja iliyoandikwa kwa kalamu nene: mahindi ya siku 110 yakipandwa wiki hii, mbelewele wiki ile, yakipandwa wiki mbili zijazo, mbelewele wiki nyingine. Haihitaji bajeti wala semina. Nafasi ya kuiandika ipo, na jua litapita utosini Kilwa katikati ya Oktoba.